Sura ya Saba: Udongo Kwanza, Kutu Mwisho

Katika kazi nzima ya kuunda modeli ya kifaru, hakuna sehemu inayopakwa rangi kwa mazoea kuliko minyororo. Muundaji yule yule anayelinganisha picha nyingi ili apate kijani sahihi cha bodi, na anayebishana kuhusu umbo la tarakimu zilizoandikwa ubavuni, akifika kwenye minyororo hufungua kopo la rangi ya kutu, hupaka pingili zote kwa mkupuo mmoja, hugusa kingo kwa rangi ya fedha, kisha huihesabu kazi kuwa imekwisha. Ninadai kwamba desturi hiyo imeharibu modeli nyingi ambazo zingekuwa nzuri sana. Mnyororo ndio unaoikanyaga ardhi. Katika kifaru cha aina ya T-54, kila kinaposogea mita 12 hivi, kila pingili ya mnyororo imekwisha kushuka chini, kubeba uzito na kupanda tena juu. Kitu kinachoishi namna hiyo hakiwezi kuwa na rangi iliyotoka kiwandani. Rangi yake huamuliwa kwanza na udongo uliokanyagwa, halafu na chuma kinachosuguana na chuma, na kutu huja mwisho kabisa. Mpangilio huo ndio nitakaoutetea hapa, na ushahidi wangu mkubwa hautoki kwenye uwanja wa vita bali kwenye machimbo ya Geita na Shinyanga.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini tusianzie kwenye jumba la makumbusho, mahali vifaru halisi vilipo. Sababu ni kwamba kifaru cha maonyesho ni shahidi dhaifu wa jambo hili. Mara nyingi kimeoshwa, minyororo yake imepakwa rangi nyeusi au imeachwa ipate kutu kwa miaka mingi bila kusogea hata hatua moja. Anayenakili minyororo hiyo ananakili chuma kilichostaafu. Tunachohitaji ni mnyororo unaofanya kazi, na katika Afrika Mashariki minyororo mingi ya namna hiyo hupatikana katika ukanda huu wa dhahabu na almasi. Mgodi wa almasi wa Mwadui umechimbwa tangu 1940. Mgodi wa Geita wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi karibu na Kahama ulizalisha kuanzia 2009 hadi ulipofungwa mwaka 2021. Kando ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na vitongoji vyake, ambao siku hizi hukodi ekskaveta pale ambapo zamani sururu na koleo vilitosha. Katapila na ekskaveta hazitembei zenyewe kwenye lami, kwa sababu minyororo yake huiharibu barabara. Hubebwa juu ya tela refu la chini. Kwa hiyo hata asiye na kibali cha kuingia mgodini anaweza kusimama kando ya barabara ya Geita au Kahama na kuuona mnyororo kwa ukaribu, umepandishwa juu kiasi cha kiuno, ungali na udongo wa kazi ya siku hiyo.

Tuanze na Geita, kwa kuwa hapo ndipo kosa la kuchanganya udongo na kutu hufanyika kirahisi zaidi. Milima ya Geita ina mwamba wenye matabaka ya chuma, na sehemu kubwa ya udongo wake ni mwekundu kwa sababu chuma kilichomo kwenye miamba kimekutana na maji na hewa kwa muda mrefu mno. Kutu nayo ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Kikemia, wekundu wa kilima cha Geita na wekundu wa bati bovu ni wa ukoo mmoja. Kwa hiyo jicho linaloangalia rangi peke yake litadanganyika, na mtu atasema kwa uhakika kabisa kwamba minyororo ya ekskaveta ile yote imeliwa na kutu. Lakini kuna njia rahisi ya kupima kauli hiyo. Tazama fremu iliyo juu tu ya mnyororo, ile iliyopakwa rangi ya njano na kiwanda. Ikiwa wekundu ule ule umerukia hapo, umetanda juu ya rangi ambayo haijakwanguka, basi huo ni udongo, maana rangi haipati kutu. Halafu tazama wekundu ulikokaa. Udongo hujaza mashimo, hujibana kati ya pedi na kwenye pembe za ndani, una unene na mpasuko, na hauna mng'ao. Kutu ni utando mwembamba unaofuata uso wa chuma wenyewe, na hutokea sehemu zilizo wazi ambazo zimepata unyevu bila kusuguliwa. Kwenye mashine inayofanya kazi kila siku, utando huo hupata nafasi ndogo sana.

Shinyanga inatufundisha somo la pili, nalo kwa maoni yangu ndilo linalowatenganisha waundaji wa kawaida na mabingwa. Wakulima wa Kisukuma wamezipanga ardhi zao kwa majina kufuatana na mteremko: luseni, yaani mchanga mwepesi karibu na vilima vya mawe ya itale, itogolo, udongo mgumu wa katikati ambao maji hayapenyi kwa urahisi, na mbuga, ule mfinyanzi mweusi wa bondeni unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama ulimbo wakati wa mvua. Wataalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, wakiongozwa na Geoffrey Milne, walilifanya wazo hilo la udongo unaobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni kuwa sehemu ya sayansi ya dunia katika miaka ya 1930. Kwa muundaji wa modeli maana yake ni hii: mashine inayoshuka mteremko mmoja tu wa Shinyanga hubeba rangi zaidi ya moja, na hubeba kwa utaratibu. Mchanga wa kijivu hafifu haushiki. Huanguka na kuacha vumbi tu. Mfinyanzi wa mbugani hung'ang'ania, hujaa ndani ya mnyororo hadi fundi alazimike kuutoa kwa koleo ili cheni isikaze kupita kiasi. Mashine ikipanda tena kwenye mchanga, vumbi jeupe hulala juu ya tope jeusi. Udongo wa zamani uko karibu na chuma, mpya uko nje. Anayepaka modeli anapaswa kufuata mpangilio huo huo: kwanza tope la kale kwenye mashimo, lenye giza na unene, kisha vumbi la mwisho kwa mkono mwepesi. Akipaka rangi moja ya udongo kila mahali, kifaru chake kitaonekana kimechovywa kwenye ndoo, hata kama rangi yenyewe ni sahihi.

Sasa tuvichukue vifaru vyenyewe. Kwa msomaji wa Tanzania, modeli yenye maana ya karibu zaidi ni ya vifaru vya Vita vya Kagera. Jeshi la Wananchi lilikuwa na vifaru vya Kichina, Type 59 chenye tani 36 na Type 62 chepesi chenye tani 21. Upande wa Idi Amin kulikuwa na vya Kisovieti vya familia ya T-54 na T-55, pamoja na Sherman za zamani. Vifaa vya modeli vya karibu vyote hivi vinapatikana katika skeli ya 1/35: Trumpeter wa China wametoa Type 59 na Type 62, MiniArt wa Ukraine wana mfululizo mrefu wa T-54 na T-55, na Tamiya wa Japani wana T-55 yao. Wapo watakaosema kwamba vita iliyoua ndugu zetu isifanywe mchezo wa mezani. Ninaiheshimu hoja hiyo, na makaburi ya mashujaa ya Kaboya yanatosha kumnyamazisha yeyote anayeichukulia vita kama burudani. Jibu langu ni kwamba tayari vita hiyo inasahaulika upande wa vitu vyake, na modeli iliyofanywa kwa ukweli ni namna mojawapo ya kuandika historia. Ndiyo maana uvivu kwenye minyororo unaniudhi: ni sawa na kuandika tarehe ya pigano bila kujali kama ni sahihi.

Katika uunganishaji, familia ya T-54, ambayo Type 59 ni nakala yake, ina mambo mawili yanayokosewa sana. La kwanza ni ulegevu. Kifaru hiki hakina vigurudumu vya juu vya kuushikilia mnyororo. Sehemu ya juu hulala kwenye migongo ya magurudumu makubwa yenyewe, na huzama palipo na nafasi, hasa kati ya gurudumu la kwanza na la pili ambapo pengo ni kubwa kuliko mengine. Mnyororo wa mpira unaokuja na vifaa vya bei nafuu hukaa umenyooka juu kama kamba ya kuanikia nguo, na hapo modeli inapoteza uzito wake wote, hata ingepakwa rangi na bingwa. Ukiutumia, ufunge kwa uzi au uugandishe juu ya magurudumu hadi ulale. Bora zaidi ni pingili za mojamoja. Kwenye mnyororo wa zamani wa T-54 pingili ni 90 kila upande, upana wake milimita 580 na urefu wa pingili moja milimita 137. Kwa skeli ya 1/35 hiyo ni upana wa milimita 16.6 na urefu wa milimita 3.9, na mnyororo mzima ukinyooshwa hufika karibu sentimita 35. Vipimo hivyo ninavitoa kwa makusudi, kwa sababu vinamwezesha mtu wa Kahama asiye na uwezo wa kuagiza kifaa cha gharama kukata pingili 180 kutoka kwenye bati la kopo au karatasi ngumu. Watoto wetu huunda malori kamili kwa waya na soli za ndala. Mkono unaoweza hilo hauwezi kushindwa na mstatili wa milimita nne.

Jambo la pili ni pini. Katika mnyororo huo wa zamani pini hazifungwi kwa nati upande wa nje. Huingizwa kutoka upande wa bodi, kichwa chake kikiwa ndani, na inapotokeza kuelekea ndani hugongwa na bamba lililowekwa bodini karibu na gurudumu la meno, ikarudi mahali pake. Kwa hiyo vichwa vya pini havionekani nje, na wakati kifaru kinatembea vichwa hivyo hugongwa mfululizo. Kichwa cha pini kilichopakwa kutu nene kinapingana na mashine yenyewe. Vilevile pini na matundu yake hulika, mnyororo hurefuka, na askari huondoa pingili ili kuukaza. Kwa hiyo anayeunda kifaru kilichokwisha tembea sana haendi kinyume na historia akipunguza pingili moja. Anayeunda kifaru kipya aache zote 90.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapokuja, nalo ni la haki. Ekskaveta si kifaru. Mnyororo wake una cheni ya ndani na pedi zilizofungwa kwa bolti juu yake, na rola zake ni za chuma tupu. Mtu akijifunza kwa ekskaveta, ataona njia mbili za chuma zinazong'aa kama kioo upande wa ndani, mahali rola zinapopita, na atashawishika kupaka fedha hiyo ndani ya mnyororo wa T-54. Hilo litakuwa kosa, kwa kuwa magurudumu ya T-54 yamevishwa mpira. Mpira huufuta udongo na kukilainisha chuma, lakini hukiacha na rangi ya giza, haukipi mng'ao huo. Mng'ao wa kweli wa kifaru hiki uko kwingine: ubavuni mwa jino la katikati linalopita kati ya magurudumu pacha na kuyagusa kwenye kona, pale meno ya gurudumu la nyuma yanapoushika mnyororo, na kwenye mbavu za nje zinazokutana na mawe. Kwa hiyo sisemi mtu anakili ekskaveta. Ninasema anakili kanuni yake, yaani aulize kila mahali: ni nini kinachogusa hapa, chuma, mpira, jiwe au tope? Anayeuliza hivyo atapaka sahihi hata mashine ambayo hajaiona kamwe. Kwa kazi ya mng'ao, penseli laini ya 6B ikisuguliwa kwenye kingo hutoa chuma cha kuaminika kuliko rangi yoyote ya fedha, kwa sababu nayo hugusa pale tu palipoinuka.

Kuhusu aina ya chuma, waundaji wengine hujitetea kwamba minyororo ya kijeshi ni lazima iwe na kutu kwa kuwa haipakwi rangi. Ni kweli haihitaji kupakwa. Minyororo ya Kisovieti ya aina hii ilisubiwa kwa chuma chenye manganizi nyingi, uvumbuzi wa Mwingereza Robert Hadfield wa mwaka 1882, na chuma hicho kina tabia ya kuwa kigumu zaidi kadiri kinavyopigwa. Ndicho hicho hicho kinachotumika kwenye taya za mashine za kupondea mawe migodini, kwa sababu hiyo hiyo. Hupata kutu, naam. Lakini tazama taya ya mashine iliyotoka kuponda mawe: pale mawe yanapopita ni kijivu safi, na kahawia iko pembeni tu. Ikisimama siku chache kwenye unyevu, hugeuka rangi. Kutu basi ni habari ya muda wa kusimama. Ukiamua kuipaka, uwe unajua kifaru chako kimesimama kwa muda gani, na wapi. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Shinyanga, na chuma hakikai sawa katika sehemu hizo mbili.

Historia ya Tanganyika ina mfano mmoja unaoikaza hoja hii. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga, makao yake yakiwa Kongwa na mashamba mengine yakipangwa Urambo na Nachingwea, walikosa matrekta, na kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Minyororo ya kifaru cha vita ikaja kulima ardhi yetu. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mchanga mkali uliolika vyuma vya plau na vipuri vya mashine, na kiangazi uligeuka mgumu kama saruji. Mpango ulifutwa mwaka 1951. Mtu anayetaka kuunda Shervick, na ninatamani sana Mtanzania aiunde, akipaka minyororo yake kutu ya chungwa atakuwa ameisema historia kinyume. Ardhi ile haikuacha kutu ikae. Ilisugua chuma hadi kikaisha.

Turudi Kagera tuone jinsi kanuni inavyotumika pale ambapo picha hazitusaidii, maana nyingi za vita hiyo ni nyeusi na nyeupe. Kifaru cha Tanzania kilichoingia Mutukula Januari 1979 kilikanyaga barabara za vumbi jekundu, na ndivyo ilivyokuwa hadi Masaka ilipotekwa mwishoni mwa Februari. Lakini pigano la Lukaya, Machi 10 na 11, lilikuwa kwenye barabara inayokatiza kinamasi, msimu wa mvua ukianza. Modeli ya Masaka na modeli ya Lukaya haziwezi kuwa na minyororo ya rangi moja, ingawa kifaru ni kile kile na tofauti ya siku haifiki ishirini. Ya kwanza inataka vumbi jekundu kavu lililotanda hadi magurudumuni. Ya pili inataka tope la giza lenye majimaji, na chini yake, kwenye mashimo ya ndani kabisa, mabaki ya wekundu wa safari. Hapo ndipo somo la mteremko wa Shinyanga linapolipa.

Limebaki pingamizi la wasanii, wanaosema mtazamaji amezoea kuona kutu kwenye minyororo na asipoiona atadhani kazi haijakamilika. Mazoea ya mtazamaji ni ya kuheshimiwa, lakini yameundwa na modeli zilizotangulia, na yanaweza kuundwa upya na modeli zitakazofuata. Wengine hukimbilia upande wa pili na kuchukua udongo halisi wakidhani hakuna ukweli zaidi ya huo. Nao wanahitaji tahadhari. Punje ya mchanga ya nusu milimita, katika skeli ya 1/35, ni kokoto ya zaidi ya sentimita moja na nusu. Udongo lazima usagwe na kuchujwa kwa kitambaa chepesi hadi ubaki unga kama poda, kisha uchanganywe na gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji. Gundi huufanya uwe na giza kuliko ulivyokuwa mkavu, kwa hiyo changanya na unga wa chaki nyeupe kidogo, paka kwenye kipande cha bati, subiri kikauke, linganisha, ndipo uguse modeli. Pingili ziwe zimekwisha pakwa msingi wa kijivu chenye kahawia ya giza, na mng'ao wa penseli uje baada ya udongo kukauka, si kabla.

Na udongo huo uchague kwa uangalifu. Wekundu wa Geita upo kando ya barabara yoyote ya kijijini, na mweusi wa mbuga upo kwenye shamba lolote la pamba. Usichukue kamwe kutoka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, kwenye karasha au kwenye marundo ya marudio, hata kama rangi yake imekuvutia: huko wachimbaji wametumia zebaki kwa miaka mingi, na penginepo sianidi, na wewe unakusudia kuusaga udongo huo uwe unga mwembamba mezani, pua yako ikiwa sentimita chache juu yake. Chukua wa barabarani, vaa barakoa unaposaga, na usiwaruhusu watoto kuusaga kwa niaba yako.